Sauti ya upande mmoja kwenye PBX yenye kadi mbili za netiweki

Swali: Habari fundi. Nimefunga FreePBX (programu ya PBX, yaani mtambo wa simu za ofisi) kwenye seva yenye kadi mbili, eth0 iko LAN ya simu za ofisi (192.168.10.5), eth1 inaenda kwa kampuni iliyotupa laini ya SIP, yaani simu za kupitia netiweki (10.9.8.2, maski /30). Simu za ndani freshi kabisa, ila tukipiga nje mteja anatusikia sisi hatumsikii. Halafu umeme ukikatika seva ikawaka tena, kuna siku hata kupiga nje hakuna. Kadi zote nimeweka getiwei (njia ya kutokea kwenda mitandao mingine). Nakosea wapi?

Jibu: Salama mkuu. Hapo kwenye kadi zote kuwa na getiwei ndo pa kuanzia. Seva inataka getiwei moja tu ya jumla, ukiweka mbili zinagombania na seva ikiwaka upya yoyote inaweza kushinda, ndo maana leo inapiga kesho haipigi. Bakiza ya eth0, ya eth1 futa, kisha weka ruti ya kudumu kwamba mitandao ya hao jamaa wa laini inapitia 10.9.8.1. Waombe anwani zote, ya SIP na ya sauti, maana mara nyingi sauti inatoka seva nyingine kabisa na mafundi wengi wanaweka ya SIP tu wanaondoka. Ukimaliza andika kwenye seva amri ya ip route get na anwani yao, ikijibu dev eth1 (yaani inapitia kadi ya eth1) pako poa.

Sauti ya upande mmoja nadhani ni kesi nyingine. Simu ikianza, PBX inawaambia wale jamaa sauti waitume anwani gani. Kama kwenye ukurasa wa FreePBX wa Asterisk SIP Settings ulibonyeza Detect Network Settings, basi External Address imejaa IP yako ya intaneti, na yeyote asiyekuwepo kwenye Local Networks (orodha ya mitandao ya ndani) anapewa hiyo, hata hao ambao mmeunganishwa kwa waya wa moja kwa moja na kwao hiyo IP haifikiki. Ongeza mitandao yao kwenye Local Networks, alafu washa upya kwa amri ya fwconsole restart, kuriload tu haitoshi.

Kuhakikisha fungua sngrep (programu ya kuonyesha ujumbe wa SIP), piga nje, soma kwenye INVITE (ujumbe wa kuanzisha simu) mstari wa c=IN IP4, ndo anwani ya sauti wanayopewa. Inatakiwa 10.9.8.2. Ukikuta IP ya intaneti kuna mtandao wao umeusahau, ukikuta 192.168.10.5 rudi kwenye ruti. Iko sahihi na bado kimya? Cheki faiawoli ya eth1, isizuie poti za sauti, UDP 10000 hadi 20000.