Watoto wanadai soda ili walete chupa darasani

SWALI: Jambo Mama Mwalimu. Nafundisha mwaka wa tatu wa primere huku Kadutu, Bukavu. Nina watoto 57. Tulipoanza somo la kutunza mazingira niliahidi kalamu kwa atakayeleta chupa nyingi za plastiki. Sasa zimejaa nyuma ya darasa, panya wameingia, na mzazi mmoja amekuja kunilaumu: mwanawe analia kila siku anunuliwe soda apate chupa. Niliache somo hili?

JIBU: Aksanti, mwalimu mwenzangu. Usiliache somo, acha mashindano. Somo linataka chupa zipungue, na kalamu yako inawafanya watoto waombe ziongezeke. Mimi pia nilianza hivyo. Nilijaza magunia manne, na hakuna mtoto aliyeweza kuniambia taka za darasa letu wenyewe zinakwenda wapi.

Jumatatu weka katoni karibu na mlango. Wiki nzima mtupe humo taka za darasani tu, kitu cha nyumbani kisiingie. Ijumaa mwageni juu ya gunia, mpange, mhesabu. Kwetu yalitoka mafungu matatu: maganda ya ndizi na miwa, karatasi za madaftari, na sashe za maji, vile vifuko vya plastiki, ambazo zilipita yote. Msichana mmoja akauliza, "Na shule nzima, Mama?" Tukazidisha ubaoni kwa madarasa yote. Siku hiyo sikuhitaji kitabu cha hesabu.

Kisha fuateni safari ya sashe moja, na hapo usiwe na haraka. Kadutu ni mlimani. Mvua ikinyesha, mifereji inashusha kila kitu hadi mto Kawa, na Kawa unamwaga ziwani Kivu. Maji ya ziwa yanatoka hapa hapa Bukavu kwa mto Ruzizi, na plastiki inayafuata mpaka bwawa la umeme la Ruzizi 1, lililojengwa miaka ya 1950. Huko inaziba njia ya maji na kukwamisha mitambo. Mtoto wa Bukavu anajua giza la umeme kukatika. Mwache aunganishe mwenyewe na sashe aliyoitupa jana kwenye mfereji.

Vya kutengeneza, waulize wao kwanza. Wanafunga mpira wa sashe tangu hawajajua kusoma. Mwite aliye fundi kati yao asimame mbele: ona anavyokunja sashe moja ndogo sana, anavyoizungushia nyingine, anavyoikaza kwa kamba ya mgomba kabla ya kuongeza tena. Wenzake watamsikiliza kuliko wewe, na ni haki yake.

Vifuniko vya chupa vitoboe wewe, nje, kwa msumari wa moto, watoto wakiwa mbali. Tunga 10 kwa kila kamba, na una makumi ya kuhesabia hadi mwisho wa mwaka. Chupa kubwa kata katikati, toboa chini, changanya udongo na yale maganda yakishaoza, panda lengalenga. Chupa iliyobeba dawa ya wadudu au petroli usiipokee hata ikioshwa. Na tafadhali, zinazobaki msizichome uani: moshi wa plastiki ni sumu kwa vifua vya watoto. Chupa nzima zenye vifuniko zioshwe kwa sabuni, uwapelekee mama wanaouza mawese sokoni.

Yule mzazi mwalike Ijumaa ya kuhesabu. Akiona mwanawe anashika chaki na kuandika hesabu ya sashe, mtaelewana.

Kalamu uliyoahidi itoe, maana watoto hawasahau ahadi ya mwalimu. Halafu tafuta kalamu ya pili, umpe atakayekuja mwezi mzima na maji yake ndani ya chupa ile ile.