Alleged, apparent, ostensible: maswali yenu ya Kiingereza

*Mhariri wangu ameniagiza nitie "alleged" kila mahali: alleged theft, alleged thief, alleged motorcycle. Nisipotia, anasema tutashtakiwa. Ni sawa?*
– Mwandishi wa habari za mahakamani, Mwanza

Hiyo pikipiki ameionea bure. "Alleged", yaani "inayodaiwa", hutaka mambo mawili: awepo aliyetoa tuhuma, na liwepo jambo ambalo bado linabishaniwa. Kufuli likikutwa limekatwa na droo ya fedha tupu, wizi haudaiwi tena, umetokea. Kinachobishaniwa ni nani aliyeiba. Kwa hiyo "the theft" inatosha, na "alleged thief" mwekee yule aliyepandishwa kizimbani.

Linaloniudhi zaidi ni hili: "The alleged thief fled and is unknown." Aliyetoroka, awe nani, ni mwizi kamili. Tuhuma huanza pale unapomtaja mtu fulani.

Kuhusu kushtakiwa, mwambie mhariri, kwa adabu, kwamba neno hili si kinga. Katika sheria ya kashfa tuliyorithi kwa Waingereza, anayerudia tuhuma ya mwenzake huhesabiwa kama naye ameitoa. Kinachokusaidia ni kuripoti kwa usahihi na bila upendeleo yale yaliyosemwa mahakamani.

*Mwalimu, "apparent" ni "dhahiri" au ni "inaonekana tu"? Kamusi inanipa zote mbili.*
– Mwanafunzi wa kidato cha sita, Tanga

Kamusi haijakudanganya. Angalia neno limekaa wapi. Likifuata kitenzi, kama "it was apparent that he was drunk", jambo liko wazi. Likitangulia nomino, kama "his apparent calm", kwa kawaida unaeleza sura ya nje. Ya moyoni huyajui.

Halafu kuna "heir apparent", ambapo neno limekaa nyuma ya nomino na kubaki na maana yake ya udhahiri: mrithi ambaye hakuna mtoto atakayezaliwa akampita. Prince William yuko katika nafasi hiyo tangu Septemba 8, 2022. Elizabeth hakuwahi kuwa nayo. Baba yake alipotwaa ufalme Desemba 1936, yeye alikuwa "heir presumptive", mrithi wa kudhaniwa, kwa sababu angezaliwa mdogo wake wa kiume, angemtangulia. Hakuzaliwa, na mwaka 1952 Elizabeth akawa malkia. Siku hizi Waingereza wameacha kuwatanguliza wavulana, kwa waliozaliwa baada ya Oktoba 28, 2011.

Jambo moja magazeti hulikosea: "He died of an apparent heart attack." Kinachoonekana tu hakiui mtu. Sema "He died, apparently of a heart attack."

*Kwa nini tunasema "presumed innocent" na si "supposed innocent"?*
– Mwanafunzi wa sheria, Eldoret

Kwa sababu "presumed" ina mtu au kitu nyuma yake: ushahidi, mazoea, au sheria yenyewe. Ibara ya 50 ya Katiba ya Kenya ndiyo inayoamuru mshtakiwa adhaniwe hana hatia. Vivyo hivyo mtu asiyesikika kwa miaka 7 na wale ambao wangepaswa kusikia habari zake huweza kuwa "presumed dead". "Supposed" ikiwekwa mbele ya nomino hubeba dharau: "his supposed innocence" ni kauli ya mtu ambaye keshamhukumu. Wakili wa utetezi asiikaribie.

*"Ostensible" ina tofauti gani na "apparent"?*
– Msomaji, Lubumbashi

"Apparent" ni macho yako wewe mtazamaji. "Ostensible" ni kile ambacho mhusika mwenyewe amekitanguliza mbele ili ukione, na una sababu ya kushuku kilicho nyuma. Kwenu mnao mfano mkubwa. Leopold II, mfalme wa Ubelgiji, alianzisha chama chake cha kimataifa cha Afrika mwaka 1876. "The ostensible aim" ilikuwa sayansi na kupambana na biashara ya utumwa. Kufikia 1885 alikuwa mtawala wa nchi nzima ya Kongo, na pembe za ndovu na mpira vilisimulia lengo lenyewe. Ukiandika "apparent aim" hapo, umemsamehe nusu.

*Kwenye CV niandike "a reputed company"?*
– Mtafuta kazi, Dar es Salaam

"Reputable", tafadhali. "Reputed" ni "inasemekana", na hutaka maelezo: "reputed to be the oldest".

*Kiingereza kina maneno yote haya ya nini, wakati sisi "eti" inatutosha?*
– Mzee wa baraza, Mombasa

Shikamoo, mzee. Inatutosha barazani, mahakamani tunao mshukiwa, mtuhumiwa na mshtakiwa, na ole wako ukiwachanganya. "Eti daktari" inakaribiana sana na "so-called doctor", kejeli na yote. Ila "so-called" nayo huweza kutambulisha tu jina la kitu bila ubaya wowote, na "eti" yetu huweza kuwa swali tupu: eti, daladala imeshapita? Hiyo Mwingereza hana neno lake. Atabaki kusema "excuse me".