Hita inajizima na plagi inapata moto

Ndugu, umesema hita yako ya feni hujizima baada ya dakika chache, ikipoa inawaka tena, na plagi nayo inapata moto. Hayo ni mambo mawili tofauti, na la plagi ndilo linalonitia wasiwasi zaidi.

Hita ya wati 2000 kwenye volti 230 huvuta karibu ampea 9. Soketi iliyolegea au kebo nyembamba ya kuongezea haihimili mzigo huo kwa muda mrefu. Ichomeke moja kwa moja ukutani, kwenye soketi inayobana vizuri. Ukiona plagi imebadilika rangi au inanuka plastiki iliyoungua, usiiwashe tena. Mwite fundi umeme. Kubadilisha plagi tu hakusaidii kama soketi ndiyo iliyoungua.

Kujizima kwenyewe si ubovu. Ni swichi ya usalama inayokata umeme joto likizidi ndani, na mara nyingi chanzo ni vumbi. Chomoa, iache ipoe kabisa, kisha lisafishe kwenye matundu kwa brashi kavu (maji hapana!). Iweke angalau mita moja kutoka kwenye pazia na kitanda. Halafu sikiliza feni: ikizunguka kwa kusuasua au kukwaruza, joto halitoki ipasavyo, na kwa hita ya kawaida mimi ningenunua nyingine.

Kuna mafundi watakaotaka kuunganisha waya ili umeme uiruke hiyo swichi. Kataa kabisa.