Mahakama za Kitaifa ni Zipi?

SWALI: Mhariri, Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki unataja "mahakama za kitaifa". Je, ni Mahakama ya Juu pekee? – Msomaji, Kasarani, Nairobi.

JIBU: Hapana, ndugu msomaji. Ni mahakama zote za nchi mwanachama, kuanzia ya hakimu pale Makadara hadi Mahakama ya Juu, kinyume na Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki iliyoko Arusha. Ibara ya 34 inaagiza kwamba mahakama yoyote ya nchi, ikiona haiwezi kutoa hukumu bila tafsiri ya Mkataba, iombe uamuzi wa Arusha kwanza. Na katika tafsiri hiyo, jambo ambalo mawakili wengine hulisahau, Arusha ndiyo yenye kauli ya juu.