Kufundisha karate watoto na watu wazima darasa moja: inawezekana, ila si kila zoezi

Mkuu, umesema una ukumbi mmoja, jioni mbili kwa wiki, na wanafunzi kuanzia miaka saba hadi wazee wenye vitambi. Unauliza uwachanganye au uwagawe. Mimi nafundisha Shotokan, mtindo mmojawapo wa karate, hapa Dar katika hali hiyohiyo. Wachanganye kwenye kihon (mazoezi ya msingi) na kata (mfuatano wa hatua na mapigo uliopangwa), watenganishe kwenye kumite (kupigana na mwenzako).

Kata haina shida. Mwalimu Anko Itosu alipoingiza karate katika shule za Okinawa, kisiwa cha Japani, mwanzoni mwa karne ya 20, alitunga kata tano zinazoitwa Pinan ili wanafunzi waanzie kwenye mambo mepesi. Gichin Funakoshi, mwanzilishi wa Shotokan, ndiye aliyekuja kuziita Heian. Yaani mtu mzima anayeanza leo anajifunza kitu kilichotungiwa wanafunzi wa shule, hana sababu ya kuona haya akipotea njia mbele ya mtoto.

Kumite ndipo penye kazi. Mae geri (teke la mbele) ya mtu mzima inayolenga tumbo la mwenzake, kwa mtoto wa miaka minane inatua usoni. Na kuna wale wenye huruma: mtoto hajamgusa, yeye keshajiangusha, darasa zima linacheka na hakuna aliyejifunza kitu. Kwa hiyo mtu mzima mimi nampa pedi. Anapiga goti, anaishika usawa wa kifua cha mtoto, anamhesabia. Mtoto anapiga kwa nguvu zake zote bila kuogopa kumuumiza mtu. Aliyeshika pedi naye anafaidika, kwa sababu kwa ukaribu ule anaona bega la mtoto linavyopanda kabla ngumi haijatoka. Wengi wanagundua hapo kwamba na wao wana kosa hilohilo.

Pushapu za ngumi kwenye sakafu ya saruji, kukaba shingo na kukunja viungo, hayo waachie wakubwa. Mifupa ya mtoto bado inakua.

Sasa nikwambie ukweli, watoto hawatakusumbua sana. Watakaokusumbua ni watu wazima. Mstari unapangwa kwa mkanda, kwa hiyo bosi aliyeacha gari la maana nje anasimama chini ya binti wa darasa la sita mwenye mkanda wa kijani. Usilegeze hapo hata kidogo. Mlangoni yule binti anampa shikamoo yake kama kawaida, wakishainama na kuingia, yeye ndiye senpai, yaani mkubwa wake darasani. Nampa kazi ya kuhesabu, ichi, ni, san, na bosi anapiga ngumi kwa hesabu yake. Wapo wanaoshindwa kuvumilia, wanaacha. Usiwabembeleze.

Mzazi na mwanawe usiwapange pamoja kabisa. Baba anageuka sensei (mwalimu) wa pili, na mtoto kila akipiga anamtazama baba kwanza kabla ya kukutazama wewe.

Ratiba yangu imepangwa na foleni. Watoto wanaanza saa kumi na moja jioni kwa michezo ya kukimbia na kujifunza kuanguka. Watu wazima wanaingia kwenye saa kumi na moja na nusu wakitoka kazini, tunafanya kihon na kata pamoja. Saa kumi na mbili na nusu watoto wanaondoka, wakubwa wanabaki na kumite yao. Hiyo saa moja ya katikati inatosha, ukiirefusha wadogo wanaanza kuvutana mikanda.

Watoto waje wamevaa gi (sare ya karate) kutoka nyumbani, usiruhusu wabadilishe nguo chumba kimoja na wakubwa. Na mtoto asibaki ukumbini na mtu mzima mmoja, hata kama mtu huyo ni wewe.

Ada: mzazi anayefanya mazoezi mpunguzie ya mtoto. Utarudisha hela yako, maana mtoto wa namna hiyo hakosi kipindi, anayemleta naye ana mtihani wa mkanda mbele yake.