Kabla hujaongeza maji, weka koni kwanza

Kwenye shantie (sehemu za ujenzi) nyingi za Goma, zege (beto, kama tunavyosema) inapimwa kwa jicho. Fundi anaikata kwa koleo, anaona imekaza, anaita maji. Msaidizi anamimina nusu bido (dumu la lita 20) na kila mtu anafurahi, maana koleo sasa linateleza. Lakini mfuko wa simenti wa kilo 50, kwa uwiano wa maji kwa simenti wa 0.5, unataka lita 25 tu za maji. Ongeza lita 5, uwiano unafika 0.6 na nguvu ya zege inashuka kwa karibu moja ya tano. Nusu bido ni lita 10.

Koni ya Abrams, kifaa cha bati kinachopima zege mbichi inashuka kiasi gani ikiachwa isimame yenyewe, inakupa namba badala ya ubishi. Urefu wake ni sm 30, kipenyo cha chini sm 20, cha juu sm 10, na inameza kama lita 5 na nusu za zege. Ukimwambia mchomeleaji wa Birere, mtaa wa hapa Goma, akutengenezee, mpe vipimo hivyo na bati lisilopungua mm 1.5, kisha ukague ndani: kovu moja la kuchomelea likitokeza linashika zege na kukudanganya. Tafuta pia nondo laini ya mm 16, urefu sm 60, ncha iliyoviringwa, na bamba la chuma. Bamba liwe sawa kwa pimamaji. Mbao mkavu haufai, unanyonya maji.

Usichote zege ya kwanza wala ya mwisho kutoka kwenye betonieri (mashine ya kuchanganya zege). Chota ya katikati, uichanganye tena kwa koleo. Lowesha koni na bamba bila kuacha maji yaliyotuama. Kanyaga masikio ya koni kwa miguu yote miwili. Jaza tabaka tatu, kila moja theluthi ya urefu, na kila tabaka uichome kwa nondo mara 25. Tabaka ya chini lalisha nondo kidogo ili ifike pembeni. Zinazofuata, nondo iguse tu tabaka iliyo chini yake. Sawazisha juu, pangusa zege iliyodondoka kando, kisha inua koni wima kwa sekunde 2 hadi 5 bila kuipindisha. Tangu koleo la kwanza hadi kuinua, usizidishe sekunde 150. Geuza koni, isimamishe kando ya zege, laza nondo juu yake na upime kutoka nondo hadi kilele cha zege: hizo sentimita ndizo namba yako.

Zege ikishuka ikiwa bado imesimama vizuri, hiyo namba ni halali. Ikikatika na upande mmoja kuteleza, usiiandike: chota nyingine, rudia. Ikikatika tena, tatizo liko kwenye mchanganyiko, haushikani. Mara nyingi mchanga hauna unga wa kutosha, au kokoto ni nyingi mno. Ikimwagika kama uji, maji yamezidi, na hapo hakuna dawa ya koleo.

Kwa misingi na dala (sakafu za zege) zinazotikiswa kwa mashine, sm 5 hadi 9 zinatosha. Nguzo nyembamba zenye nondo zilizobanana zinataka sm 10 hadi 15, lakini ufike huko kwa plastifia (dawa ya kulainisha zege bila kuongeza maji), au kwa kuongeza simenti na maji pamoja kwa uwiano uleule. Maji peke yake, hapana.

Sasa jambo linalowashinda wengi hapa kwetu: jiwe la volkano. Moyo wa lava ni mzito na mgumu, ila ngozi yake ya juu imejaa matundu kama sponji, na kokoto ya kuponda huja imechanganyika. Kokoto kavu ya namna hiyo inaendelea kunywa maji baada ya kuchanganya. Koni inasoma sm 9 kwenye betonieri. Toroli zinapofika kwenye kofraji (ukungu wa mbao wa kumwagia zege) baada ya dakika 20, zege imefika sm 4 na kelele za maji zinaanza. Kwa hiyo pima mara mbili: inapotoka kwenye mashine, na pale inapomwagwa. Tofauti ikiwa kubwa, usirekebishe zege, rekebisha kokoto. Imwagilie vizuri jioni ya kuamkia siku ya kumwaga, ifunike kwa shiti (turubai), asubuhi iache ichuruzike hadi isiwe na maji yanayong'aa juu. Jiwe likiwa limeshiba, halinywi ya simenti.

Mchanga nao una hila yake, kinyume cha hiyo. Baada ya mvua ya usiku unaweza kubeba maji asilimia 5 ya uzito wake au zaidi. Mfuko mmoja wa simenti ukienda na kilo 90 za mchanga, hizo ni kama lita 4 na nusu ambazo zimeshaingia kabla hujafungua bido. Usianze na lita 25 zote: mimina 18, acha mashine izunguke, weka koni, ndipo uongeze kidogo kidogo bila kuvuka hesabu yako. Rudia kila mchanga unapochotwa upande mwingine wa rundo, maana chini huwa na maji kuliko juu.

Andika namba ya kila kipimo, saa, na sehemu iliyomwagwa, kwenye daftari la shantie. Nguzo ikija kuonyesha matundu kofraji inapotolewa, fungua daftari kabla ya kugombana na aliyemwaga.