Kabla Hujanunua Mkweche wa Kuufanya Gari la Mbio

Jeki ilipanda, gari halikupanda.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, nimechuchumaa uani kwetu Changamwe, napampu mkono wa jeki huku nikingoja gurudumu liachane na ardhi. Mara nikasikia mlio kama wa mtu anayetafuna biskuti kavu. Kuchungulia, kichwa cha jeki kimeshaingia ndani ya gari, kimetoboa sakafu na kuinua zulia. Gari lenyewe ni Toyota Corolla DX ya 1982, jeupe, na lilikuwa na wiki tatu tu tangu nilinunue kwa shilingi 210,000. Dalali alikuwa ameniapia kwamba ni gari la mzee mmoja, halitoki ila Ijumaa, nyumbani hadi msikitini na kurudi. Msikiti wa mzee huyo nadhani ulijengwa katikati ya bahari.

Nilimwita fundi wa bodi anayefanya kazi karibu na kwetu. Alizunguka gari mara moja, akagonga hapa na pale kwa kifundo cha kidole, akalala chini na tochi. Alipotoka alijipangusa magoti, akasema, "Mdogo wangu, hapa hakuna gari. Kuna rangi."

Naandika haya kwa sababu kila Safari Rally ikimalizika Naivasha, simu yangu hujaa vijana wanaoniuliza: nimeona DX fulani, nimeona Datsun fulani, ninunue? Tangu mashindano yale yarudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, baada ya kukosekana tangu 2002, homa hii imekuwa kali. Mimi mwenyewe iliniingia pale Soysambu, mojawapo ya njia za mashindano hayo, nimesimama juani na vumbi limenijaa mpaka kwenye meno. Sicheki homa ya mtu. Ila nitakwambia nilikokosea.

Nilinunua injini. Kwa maneno mengine, nilipokwenda kuliona gari nilitumia karibu saa nzima nimeinamia boneti. Niliwasha, nikazima, nikawasha tena. Nilivuta mafuta nikisikiliza, nikanusa moshi, nikachomoa kijiti cha oili nikakipangusa kwenye suruali kama fundi wa kweli. Injini ya 4K, cc 1,290, kabureta moja, ilikuwa inanguruma kama paka aliyeshiba. Chini ya gari sikutazama hata kidogo, maana nilikuwa nimevaa shati la kazini.

Sasa fikiria. Injini ya DX ikifa, utapata nyingine, ukienda Barabara ya Kirinyaga kule Nairobi au ukiulizia kwa mafundi, na watu wawili wenye nguvu wataibeba. Bodi ikifa, umenunua nini? Gari la mbio ni bodi kwanza. Ndiyo inayobeba shokapu zinapogonga shimo, ndiyo inayoshika viti na mikanda, na siku gari likibiringika ndiyo inayoamua kama utatoka unatembea. Kwa hiyo ukiitiwa gari, boneti iache kwanza. Nenda na nguo za kuchafuka, tochi, bisibisi, na sumaku ndogo ya spika mbovu. Sumaku izungushie kitambaa isikwaruze rangi, kisha ipitishe taratibu kwenye milango, juu ya magurudumu na pembezoni mwa sakafu. Pakishika ni bati. Pakiteleza ni puti, ile dawa ya kuzibia mashimo ya bodi kabla ya rangi. Kwenye DX yangu, baadaye, nilipata mahali pa ukubwa wa sahani ambapo sumaku ilianguka chini kabisa, ikaviringika mpaka mtaroni.

Inua zulia. Muuzaji akisema zulia limegundishwa, mwambie utalirudisha. Tazama kitako cha betri, kwa sababu asidi hula bati kimyakimya. Tazama pale juu shokapu za mbele zinapofungwa na bodi: kama kuna nyufa au kiraka kilichochomelewa juu ya kiraka, shukuru kwa chai uondoke. Nyuma, kagua mahali mikono ya ekseli inaposhika. Bisibisi isukume kwa nguvu kwenye kingo za chini za milango. Bati zima hukataa. Na muuzaji akikuzuia usichokonoe, ameshakujibu.

Sisi wa Pwani tuna balaa letu. Chumvi haingoji gari lifike ufuoni. Upepo wa kusi huileta mpaka mlangoni. DX mbili zilizotoka kiwanda kimoja siku moja, moja ikaishi Nakuru na nyingine Likoni, leo ni magari mawili tofauti kabisa. Kama unaishi Mombasa, panda basi ukanunue bara. Nauli ya basi si kitu ukilinganisha na nilichomlipa fundi wa kuchomelea.

Karatasi nazo. Watu hudhani gari la mbio halihitaji logibuku kwa vile linakimbia porini. Halikimbii porini tu. Kati ya kipande kimoja cha mashindano na kingine unaendesha barabara ya umma, pamoja na matatu na malori, ukiwa na namba, taa na bima kama mtu mwingine yeyote. Uhamisho wa umiliki siku hizi unafanywa mtandaoni, na aliyeandikwa kwenye logibuku lazima akubali akiwa upande wake. Jirani yangu alinunua Datsun kwa mpwa wa mwenye gari. Mwenye gari alikuwa ameshafariki, urithi haujagawanywa, na ndugu hawaelewani. Gari lile limekaa miaka, zuri, halina kutu, halina pa kwenda. Ukifika kuangalia gari, namba ya chesisi isome mwenyewe kwenye bati, usisomewe.

Mbona DX basi? Ni gari la kusukumwa na magurudumu ya nyuma, jepesi, na halina kompyuta ya kukununia. Fundi yeyote aliyefikisha miaka 40 amewahi kulifungua. Tafuta saluni, yenye springi za mviringo nyuma. Ile ya mzigo, steshenwagoni, ina springi za majani, zile bati zilizopangwa, na ukitaka kuibadilisha unaanza ujenzi mwingine. Mtu ataniambia afadhali Subaru yenye tabo. Sibishani naye, nguvu inazo. Lakini kila kitu chake kikikatika hulipwa kwa bei ya nguvu hizo, na kwa mtu wa mshahara huo ni mzigo wa tembo. Patrick Njiru mwaka 1993 aliimaliza Safari Rally na Subaru Vivio, kigari cha cc 660. Ninapoona mtu ana mpango wa injini kubwa kabla hajabadilisha hata bushi, namkumbuka Njiru.

Na kuna wanaonikumbusha Joginder Singh. Ni kweli, mwaka 1965 yeye na ndugu yake Jaswant walishinda Safari kwa Volvo PV544 iliyokuwa imeshatumika, wakawashinda watu wenye magari mapya. Hadithi hii naipenda kupita kiasi. Lakini Volvo ile ilikuwa imetayarishwa na kiwanda kwa Safari ya mwaka uliotangulia, haikutoka kwa dalali wa Ijumaa. Na Joginder alikuwa fundi wa magari, mkono wake ulijua kila nati. Mimi nilikuwa siwezi hata kuweka jeki mahali pake.

Tuje kwenye kizimba, yaani ile fremu ya mabomba inayojengwa ndani ya gari ili paa lisikuangukie likibiringika. Hapa ndipo nilipokaribia kufanya kosa ambalo lingenizika.

Nilikwenda kwa fundi wa madirisha na mageti, mtu mwema, mchomeleaji hodari. Nikamwonyesha picha. Akasema siku tatu, na akataja bei iliyonifurahisha. Akatoa bomba alilotaka kutumia. Nilikuwa nimeshasoma kidogo wakati huo, nikaingiza kidole ndani ya bomba na kukipitisha: nikaguswa na mstari, mshono uliochomelewa kutoka mwanzo hadi mwisho. Bomba la aina hiyo ni bati lililokunjwa. Kanuni za FIA, shirikisho la dunia la mashindano ya magari, zinataka bomba la chuma lisilo na mshono, lililovutwa likiwa baridi. Tao kuu, lile la nyuma ya viti, liwe na kipenyo kisichopungua milimita 45 kwa unene wa 2.5, au 50 kwa 2. Mabomba mengine 38 kwa 2.5, au 40 kwa 2. Nikamweleza.

"Chuma ni chuma," akasema. "Hili ndilo nililofanyia geti la madrasa, mwaka wa sita huu, halijaanguka."

"Bwana, geti halibiringiki," nikamwambia.

Tulicheka wote wawili, nikaondoka. Nilichofanya baadaye ndicho ningekushauri uanze nacho: nilimtafuta mkaguzi wa mashindano kabla ya kukata bomba hata moja, nikamuuliza yeye atakubali nini. Kila shirikisho la nchi lina kanuni zake za ndani juu ya zile za FIA, na mkaguzi ndiye atakayekurudisha nyumbani asubuhi ya mashindano. Alinifundisha jambo ambalo sikulitilia maanani kwenye picha: miguu ya kizimba. Kila mguu unakaa juu ya bati la kuimarisha, unene angalau milimita 3 na eneo lisilopungua sentimita 120 za mraba, kama 10 kwa 12 hivi, lililochomelewa kwenye bodi. Kazi ya bati lile ni kutawanya uzito. Lakini likichomelewa juu ya sakafu iliyooza halina linachoshika. Gari likianguka kichwani, miguu ya kizimba itaitoboa sakafu vile vile ilivyotobolewa na jeki yangu, na paa litakukuta kitini. Ndiyo maana nimepiga kelele za kutu tangu mwanzo.

Mikanda na viti, nenda na miwani. Vina lebo zenye tarehe. Kiti cha kiwango cha kawaida cha FIA hupewa miaka 5 tangu kutengenezwa, na mkanda huandikwa kabisa mwaka unaokwisha. Niliuziwa jozi ya mikanda myekundu mizuri sana, lebo zimekatwa. "Zilikuwa zinakwaruza shingo," aliniambia aliyeniuzia, nami nikakubali, mtu mzima mwenye akili zake. Mikanda ile sasa inafungia mapipa ya maji. Kofia ngumu ya dereva iliyowahi kuanguka na mtu usiinunue hata kama inang'aa, kwa sababu ufa wake uko ndani.

Kuna vidogo visivyo na gharama kubwa ambavyo watu huviacha mpaka usiku wa mwisho: swichi kuu ya kukata umeme, inayofikika ndani na nje, na alama yake ya radi nyekundu ndani ya pembetatu ya buluu, vizimamoto vilivyofungwa kwa chuma, si kwa kamba, betri isiyocheza, ndoano za kuvutia gari. Breki zitangulie injini. Shokapu zitangulie injini. Bamba la kulinda sampu, bakuli la oili chini ya injini, litangulie injini. Injini ije ikiwa bado una pesa, na hutakuwa nazo.

Hesabu zangu, kwa anayetaka kujua: gari 210,000, bati na kuchomelea 95,000, kizimba 130,000, viti viwili na mikanda halali 150,000. Hizo ni 585,000 na injini bado ni ile ile ya paka aliyeshiba. Sijataja magurudumu.

Kama ningeanza upya, mwaka wa kwanza nisingenunua chochote. Ningefanya nilichokuja kufanya nikiwa nimechelewa, nilipojiunga na timu ndogo ya servisi katika raundi moja ya mashindano ya nchini. Kazi yangu ilikuwa kushika tochi na kupakia spea. Siku hiyo niliandika nyuma ya daftari kila gari lililosimama karibu nasi na sababu yake. Yalikuwa saba. Injini iliyokufa ni moja tu. Mengine: bomba la rejeta limechomoka, waya wa pampu ya mafuta umekatika, nati ya mkono wa shokapu imelegea ikadondoka, klachi, tairi mbili pamoja, na jingine liliishiwa mafuta, jamani, liliishiwa mafuta. Vumbi la kule ni laini kama unga wa sembe. Linaingia kwenye kisafisha hewa mpaka gari linakohoa. Nilimwona msoma ramani akiking'uta kichujio kwenye tairi huku dereva akihesabu dakika kwa sauti. Nilijifunza zaidi siku ile kuliko miezi sita ya kutazama video.

Anza pia na mbio fupi za uwanjani, za kuzunguka njia ya vumbi kwa muda wa saa moja na kurudi nyumbani jioni. Huko utaharibu gari kidogo kidogo, kwa bei unayoimudu.

DX yangu bado haijashindana. Iko chini ya mti wa mkungu, sakafu mpya, kizimba kimeshapakwa rangi ya kijivu, haina dashibodi wala vioo. Mama amegundua kwamba mabomba yale yanafaa kuanikia, na kwa vile milango haipo, haoni kosa. Mkaguzi amesema atapitia Jumanne kutazama miguu ya kizimba kabla hatujarudisha chochote ndani. Nimemwomba Mama aondoe kanga zake kufikia Jumatatu usiku. Amesema ataona.